Nyumba Njema si Mlango

Wahenga wetu walituachia mithali mbili juu ya nyumba. Ya kwanza husema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ya pili husema, "Nyumba njema si mlango." Ile ya kwanza yajulikana na kila mtoto wa shule, nayo yatuhimiza kuitengeneza nyumba kabla haijatuangukia. Ile ya pili husahauliwa upesi, hasa na watu wenye nyumba, kwa maana yatuonya kwamba uzuri wa mlango hauthibitishi wema uliomo ndani. Katika insha hii, ndugu msomaji, nataka tuzichukue mithali hizi mbili pamoja na kuzipima kwa jambo moja: mtu anayetengeneza nyumba kongwe ugenini, naye atafuta pambo la dini la kuitia heshima. Safari yetu itatufikisha Ulaya na pwani ya Kenya, lakini itaanza Kitengela, na huko huko ndiko itakakoishia.

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ukaupita mji wa Athi River, wafika Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado. Zamani mahali hapa palikuwa tambarare ya malisho ya Wamasai wa Kaputiei, na nyumbu na pundamilia walipita humo wakiingia na kutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja ilianza kugawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1990 ikaundwa mamlaka ya kusimamia viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje, na viwanda vikajengwa karibu na Athi River. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala, na nyumba zikaota kama uyoga baada ya mvua.

Watu waliokuja kukaa hapa walitoka pande zote za Kenya. Kwa wenyeji wao hao ni wageni, na kwa wageni wenyewe Kitengela ni ugenini, ijapokuwa hawakuvuka mpaka wa nchi. Basi kila mmoja, akiisha kuezeka, huitafuta alama ya dini yake. Mkristo hutundika msalaba au picha takatifu. Mwislamu hutundika aya ya Kurani iliyoandikwa kwa hati nzuri. Tusiwacheke. Mtu aliye mbali na makaburi ya babu zake ataka ukuta wake umwambie kwamba Mungu yupo hapa pia.

Sasa tuseme kwamba wewe umekwenda mbali zaidi, ukanunua nyumba kongwe katika nchi ya ng'ambo. Paa lavuja, kuta zina nyufa, mbao zimeliwa na wadudu. Umeziba nyufa, umepaka chokaa, umebadili mbao. Lakini katika ukumbi pana nafasi tupu. Mwenye nyumba wa kale alikuwa na pambo la ibada mahali hapo, nalo limekwisha kupotea, na moyo wako hautatulia mpaka upate badala yake. Je, utalipata wapi? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kulichukua pambo lililokwisha kutukuzwa na watu wengine, ukalitoa katika nyumba yao na kulitia katika yako. Ya pili ni kulifanyiza upya kwa mikono ya mafundi walio hai. Historia imezijaribu njia zote mbili, na ushahidi wake haufichiki.

Tuitazame kwanza njia ya kuchukua. Huko Ulaya, tangu karne ya 12, makanisa makubwa yalianza kupambwa kwa madirisha ya vioo vya rangi. Watu wengi hawakujua kusoma, hivyo dirisha likawa kitabu chao, na jua lilipopanda hadithi za manabii na mitume ziliwaka mbele ya macho yao. Katika nyumba ya watawa ya Steinfeld, nchini Ujerumani, madirisha ya namna hiyo yalitiwa katika karne ya 16 kando ya ujia uliozunguka ua. Watawa walipita mbele yake kila siku, wakizifuata habari za Biblia dirisha baada ya dirisha, kama mtu afunuavyo kurasa.

Mwaka 1802, wakati Wafaransa walipokuwa wakitawala upande huo wa mto Rhine, nyumba hiyo ilifungwa. Vioo vyake viliangukia mikononi mwa wafanya biashara, vikavuka bahari hadi Uingereza. Wakati ule mabwana wa Kiingereza walikuwa wakijenga na kutengeneza majumba yao kwa mtindo wa zamani, nao walikuwa na njaa ya vitu vya kale vya dini. Vioo vya Steinfeld, pamoja na vingine vya nyumba ya watawa ya Mariawald, vikatiwa katika kanisa dogo la jumba la Ashridge, huko Hertfordshire. Jumba hilo lilijengwa mahali ambapo zamani za kale palikuwa na nyumba ya watawa, kwa hiyo bila shaka mwenyewe aliona kwamba anaurudishia uwanja ule heshima yake. Lakini vioo vya nyumba mbili vilikuwa vimechanganywa, na baada ya muda hata asili yake ikasahauliwa. Ilimlazimu mwanachuoni M. R. James, mapema katika karne ya 20, avichunguze kimoja kimoja ndipo ijulikane vilikotoka. Mwaka 1928 viliuzwa tena mnadani, na sasa vimo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London.

Yatupasa tuwe waadilifu. Pengine vioo hivyo vingevunjwa kama visingenunuliwa, na leo maelfu ya watu huvitazama. Hata hivyo kitabu kile cha watawa kilichanwa kurasa, na hakuna tena apitaye mbele yake akisali. Linganisha na mambo ya Chartres, nchini Ufaransa. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, madirisha ya kanisa kuu la mji huo yaliondolewa yakafichwa mahali pa salama. Vita vilipokwisha yalirudishwa mahali pake. Huko nako pambo lilihamishwa, lakini lilihamishwa ili lipate kurudi. Basi twaona kwamba kuhamisha peke yake si kosa. Swali ni hili: pambo litarudi lini, na litarudi kwa nani?

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Tuitelemkie pwani yetu. Katika mji wa Lamu zimo nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa katika karne ya 18, zenye kuta nene, zidaka za chokaa iliyonakshiwa, na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi. Katika miji ya pwani fundi alichonga mfaa na miimo ya mlango, na pengine juu ya kizingiti cha juu aliandika maneno ya Kurani pamoja na mwaka wa Hijra, ili kila aingiaye apite chini ya jina la Mungu. Wageni wengi waliokuja kununua na kutengeneza nyumba kongwe za huko, na matajiri wa mbali waliotaka kupamba nyumba zao, waliitamani milango hiyo. Hatari ilikuwa kubwa kiasi cha kuifanya serikali iitungie sheria. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1983, na baada yake Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, zilivitaja kuwa vitu vyenye ulinzi milango na miimo yote iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1946. Haitolewi nchini bila kibali. Mwaka 2001 mji mkongwe wa Lamu wenyewe ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini habari yenye uchungu zaidi ni ya Wamijikenda, na hasa Wagiriama. Kwao, mzee wa chama cha Gohu akifariki, jamaa zake humsimamishia mti uliochongwa uitwao kigango. Kigango si sanamu ya kutazamwa. Ni mahali pa roho ya marehemu kukaa kati ya watu wake, nao huipelekea tambiko. Kikiisha kusimikwa hakiondolewi. Hata jamaa wakihama, huachwa papo hapo kiliwe na mvua na mchwa mpaka kianguke chenyewe. Wachuuzi hawakuyajali hayo. Vigango vingi viliibwa au kununuliwa kwa bei ndogo, vikapelekwa Marekani, vikasimamishwa katika kumbi za matajiri na katika majumba ya makumbusho kuwa mapambo.

Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kigiriama aliibiwa vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Kabla ya wizi huo mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee huyo akiwa karibu navyo. Mwaka 1999, huko Marekani, mtafiti huyo alikitambua kimojawapo katika picha za mkusanyo wa makumbusho ya chuo kikuu, na cha pili kikapatikana katika makumbusho ya chuo kikuu kingine. Vilirudishwa kwa jamaa mwaka 2007. Miaka 22 ilikuwa imepita. Jamaa waliamini kwamba misiba iliyowapata katika muda huo ilitokana na wizi ule, na mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki asivione tena. Huko ng'ambo watu walioviweka ukumbini huenda walisema, "Tazama jinsi pambo hili lilivyoipendeza nyumba yetu!" Hawakujua kwamba waliziba ufa wao kwa tofali lililong'olewa katika ukuta wa mwingine.

Sasa tutoke pwani, tupande bara mpaka Kajiado, tuwaulize wenyeji wake namna ya kutengeneza nyumba. Jina la Kajiado latokana na maneno ya Kimasai, Olkeju-ado, yaani mto mrefu. Nyumba ya kale ya Wamasai, enkaji, hujengwa na wanawake. Huchomeka fito, huzisuka kwa vijiti, huziba kwa majani, kisha huikandika kwa udongo na samadi ya ng'ombe. Mvua ikiosha ukuta, mama huukandika tena. Nyumba ya namna hii haina siku ya kukarabatiwa, kwa sababu hutengenezwa siku zote, na mithali yetu ya ufa hutimizwa humo pasipo kutajwa.

Ukiingia ndani kutafuta pambo la dini ukutani, hutaliona. Je, Wamasai hawana dini? La hasha! Neno lao Enkai ni jina la Mungu, na ni jina la mbingu na la mvua pia. Husema habari za Enkai Narok, Mungu mweusi, aletaye mvua na neema, na za Enkai Nanyokie, Mungu mwekundu, mwenye hasira na ukame. Majani mabichi yakishikwa mkononi ni alama ya amani. Mti wa oreteti ni mahali pa kusali. Maziwa hunyunyizwa kuwabariki watu na mifugo. Alama hizo zote haziwezi kutundikwa msumarini wala kuuzwa sokoni. Majani hukauka, maziwa humwagika, na baraka yapaswa kufanywa upya kila mara na watu walio hai. Hapa ndipo nionapo jibu la swali letu likianza kuchomoza.

Hata hivyo, lisemwe neno la haki: Wamasai nao walipenda pambo liletwalo kutoka mbali. Shanga zao zilikuwa za vioo, nazo ziliagizwa Ulaya na kufika bara kwa njia ya wafanya biashara. Lakini hawakuzivaa kama walivyozikuta. Wanawake walizipanga kwa rangi na kwa mitindo iliyotambulisha umri, ndoa na ukoo. Kioo kilikuwa cha mgeni. Maana ilikuwa yao.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kioo hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lifike karibu nyuzi 1,700 za sentigredi. Magadi huupunguzia ukaidi wake, ukayeyuka kwa moto mdogo zaidi. Na magadi yako wapi? Yako papa hapa, Kaunti ya Kajiado, katika ziwa Magadi. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na reli ya kuyachukua ilijengwa kutoka Konza, ikapita mji wa Kajiado, ikafika ziwani, kazi ikamalizika yapata mwaka 1915. Kwa miaka mingi magari ya moshi yalipita Kajiado yakiyapeleka magadi kwenye bandari ya Mombasa, na kazi kubwa kuliko zote inayofanywa na magadi ulimwenguni ni utengenezaji wa kioo. Basi nchi hii ilitoa kiungo cha kioo, halafu makanisa yake yakaagiza madirisha kutoka ng'ambo!

Hali hiyo ilianza kubadilika kwa kazi ya mtu aliyekuwa mgeni. Yapata mwaka 1980 Nani Croze, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, alihamia ukingo wa tambarare ya Kitengela, ng'ambo ya korongo la mto Mbagathi, akiielekea Hifadhi ya Nairobi. Alijenga nyumba za umbo la ajabu, akaanzisha karakana ya vioo. Baadaye mwanawe, Anselm Croze, aliendeleza kazi ya kupuliza kioo cha moto. Fikiri, msomaji: kioo cha Ujerumani kilikuwa kimeng'olewa zamani kwenda kupamba jumba la ugenini, naye mzaliwa wa Ujerumani, alipokuwa ugenini, hakujipambia kwa kioo cha makanisa ya kwao. Karakana yake ilitumia kioo kilichotupwa, yaani chupa na vioo vya madirisha vilivyovunjika. Vijana wa Kenya walijifunza kazi humo, na madirisha yao yakaingia katika makanisa, nyumba na hoteli.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Chupa husafishwa na kuvunjwa, kisha huyeyushwa katika tanuri. Kioo kikiisha kupewa umbo hakitolewi nje mara moja, kwa maana kikipoa ghafula hupasuka. Hutiwa katika tanuri la pili kipoe polepole. Fundi wa dirisha huchora picha kwenye karatasi kubwa, hukata vipande kuifuata picha, na kuviunga kwa vipande vyembamba vya risasi vilivyolehemiwa. Iko namna nyingine, iliyoanza Ufaransa katika karne ya 20: kioo kinene hupasuliwa kwa nyundo, vipande vikapangwa, na saruji ikamiminwa kati yake. Mwangaza ukipita, rangi huonekana kama makaa ndani ya jiwe.

Na dirisha kongwe hutengenezwaje? Risasi huchoka baada ya miaka 100 au zaidi, ikainama, na vioo vikalegea. Fundi mwaminifu kwanza huweka karatasi juu ya dirisha na kunakili kila mstari. Huvipa vipande namba. Huondoa risasi, huosha vioo, na kuviunga tena kwa risasi mpya, kila kimoja mahali pake. Kipande kilichopotea hukikata kipya. Hakwendi kung'oa kipande katika dirisha la kanisa jirani. Kama angefanya hivyo, angekuwa ametengeneza dirisha moja na kuharibu mawili, kwa maana hata hilo alilolitengeneza lingekuwa na wizi ndani yake.

Basi turudi katika nyumba yako ya ng'ambo, mbele ya ile nafasi tupu. Nimekuonyesha kioo cha Steinfeld, mlango wa Lamu, kigango cha Mgiriama, majani ya Mmasai, na chupa ya Kitengela. Kabla hujanunua pambo lolote kongwe la dini, uliza lilitoka katika nyumba ya nani, na kama mwenye nyumba huyo alikubali kuachana nalo. Asiyeweza kukujibu asikuuzie. Kisha mtafute fundi. Lamu wako wachongaji wa milango hata leo, na Kitengela kazi ya kioo imekwisha kupata mizizi. Mwambie dini yako na matumaini yako, mwache akufanyizie pambo jipya. Na miaka ikipita, sala za watu wa nyumbani mwako ndizo zitakazolifanya kuwa kongwe. Wala usione haya ikiwa nafasi ile itakaa tupu kwa muda. Nafasi tupu ukutani kwako ni afadhali kuliko nafasi tupu uliyoiacha ukutani kwa mwenzako.

Huenda leo huna nyumba, ila daftari na kalamu. Lakini siku yako yaja, nawe utarithi au utanunua, na nyufa utazikuta. Uzibe upesi, kama wahenga walivyoagiza. Na utakapofika mlangoni, na moyo wako ukaanza kutamani pambo la mwingine, ikumbuke na ile mithali yao ya pili.